Simu Sita za Vermont, Simu Nne za Mbagala

Mwaka 2018, idara moja ya serikali ya jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ilimpa mtumishi wake gari na simu sita. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabara za jimbo zima, simu zote zikiwa zimewashwa, kila moja ikipakua data na kuandika kasi iliyopata. Kampuni za simu zilikuwa zimepeleka Washington ramani zinazoonyesha mtandao wa 4G umetapakaa, na ramani hizo ndizo zingeamua sehemu ipi ipate ruzuku ya kujengewa minara na ipi isipate. Vermont haikuziamini. Bwana yule alipomaliza mizunguko yake alikuwa na vipimo zaidi ya 180,000, na sehemu nyingi ambazo ramani ilisema mtandao upo, simu zake zilisema haupo, au upo kwa jina tu.

Mbagala, kusini mwa Dar es Salaam, wakala wa fedha za simu anakaa nyuma ya meza yenye simu nne, kila moja na laini ya kampuni yake. Yeye hazunguki, ni siku ndiyo inayomzungukia. Anajua menyu ya kampuni ipi hukwama jioni za mwisho wa mwezi, ipi hukata pesa kabla ujumbe wa uthibitisho haujafika, na ipi huendelea kufanya kazi umeme ukikatika kwa sababu mnara wake wa jirani una jenereta. Mteja akimuuliza, "Dada, mtandao vipi leo?" hana haja ya kutazama simu. "Huu unasumbua tangu saa sita, kaka. Tumia ule mwingine."

Njia yao ni ileile: simu nyingi, laini tofauti, mahali pamoja, wakati mmoja. Matokeo ya Vermont yaliandikwa yakafika mezani kwa wakubwa. Ya Mbagala huishia kwenye jibu alilopewa mteja. Katika uhakiki huu nazilinganisha desturi za kuupima mtandao wa simu, za Marekani, Ufaransa, India na hizi zetu za Tanzania na Kenya, na hoja yangu naiweka wazi mapema ili msomaji aikague njiani. Mtumiaji wa huku ni mpimaji makini kuliko ramani nyingi, ila kipimo chake hakina pa kuandikwa. Kule ambako kipimo huandikwa, mara nyingi kinachoandikwa si kile mtumiaji alichokipata.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulikwisha kulikiri jambo hili kwa lugha yake kavu. Pendekezo lake la G.1000 la mwaka 2001 linatenga sura nne za ubora wa huduma: ubora anaouhitaji mteja, ubora ambao kampuni imepanga kuutoa, ubora uliotolewa kweli, na ubora ambao mteja anauona. Wahandisi hufanya kazi zaidi kwenye sura ya pili na ya tatu. Mtu aliyesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, mkono mmoja umeinua simu juu, yuko kwenye ya kwanza na ya nne, na hakuna anayemuuliza.

Tuanze na suala la kufikiwa na mawimbi, maana hapo ndipo ramani zinapotawala. Ramani ya mtandao haichorwi kwa kutembea. Inachorwa na kompyuta, inayopewa urefu wa mnara, nguvu ya mtambo, masafa yanayotumika na umbo la ardhi, kisha inakadiria mawimbi yatafika wapi. Masafa ya chini, kama 700 au 800 MHz, husafiri mbali na kupenya kuta. Ya 2600 au 3500 MHz hubeba data nyingi lakini huishiwa nguvu mapema. Makadirio haya kwa kawaida humweka mtumiaji nje, mahali pa wazi. Hayajui kwamba nyumba ina paa la bati na kuta za zege, wala kwamba kijiji cha milima ya Usambara kimejificha bondeni na mnara uko upande wa pili wa mlima. Kuna mipaka mingine ambayo haihusiani kabisa na nguvu ya mawimbi: teknolojia ya GSM katika hali yake ya kawaida haihudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35 kutoka kwenye mnara, kwa sababu ishara ikichelewa kuliko hapo inaangukia kwenye zamu ya mtu mwingine. Mvuvi aliye mbali baharini anaweza kuwa hana kizuizi chochote kati yake na mnara ulioko kilimani, na bado asiweze kupiga.

Marekani ilianza kupima kwa sauti. Mwaka 2002 kampuni ya simu ya Verizon ilimtoa kwenye televisheni mwigizaji Paul Marcarelli, mtu wa miwani, anayetembea huku na kule akiuliza simuni swali moja: unanisikia sasa? Tangazo lilipendwa kwa sababu lilichukua kipimo ambacho kila mwenye simu alikuwa akikifanya mwenyewe na kukifanya kionekane kazi ya kitaalamu. Lakini mpimaji yule alikuwa anapima kampuni iliyomleta, na sijawahi kumwona akijibiwa "hapana".

Kisha vikaja vita vya ramani. Mwaka 2009 Verizon ilitangaza kwa kuweka ramani yake ya 3G kando ya ramani ya 3G ya AT&T, ya kwanza imejaa rangi, ya pili ina mabaka meupe. AT&T ilikimbilia mahakamani mwezi Novemba. Haikudai kwamba ramani ni ya uongo. Ilidai kwamba mtazamaji akiona weupe atadhani hakuna mtandao kabisa, wakati palikuwa na 2G ya kupigia simu. Mwezi mmoja baadaye ikaiondoa kesi. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki yao, kwa kuwa ramani ileile ilikuwa jibu sahihi kwa mtu anayetaka kufungua ukurasa wa intaneti na jibu la kupotosha kwa mtu anayetaka kumpigia mama yake.

Desemba 2019, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa ripoti iliyofunga mjadala ule wa Vermont. Watumishi wake waliendesha gari karibu maili 10,000, wakafanya vipimo 24,649 katika maeneo ambayo kampuni zilisema yana 4G yenye kasi isiyopungua megabiti 5 kwa sekunde. Vipimo vilivyofikia kasi hiyo vilikuwa asilimia 62.3. Ripoti ilizitaja kwa majina Verizon, U.S. Cellular na T-Mobile kuwa huenda zilizidisha maeneo yao. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kutaka ramani mpya, na ramani hiyo ilipotoka Novemba 2022 ilimpa mwananchi wa kawaida haki ya kuipinga: unapakua programu ya FCC, unapima, kipimo chako kinaungana na vya wenzako wa eneo hilohilo. Ni hatua kubwa, na sijaona nchi ya Afrika Mashariki iliyofika hapo. Ila utaratibu una mlango ambao hauvukiki: kipimo kinachohesabika ni cha mtu aliye nje au ndani ya gari. Aliye sebuleni kwake, mahali ambapo watu wengi hutumia simu zao, hana ushahidi.

Ufaransa imeuzingatia ukuta. Hadi mwaka 2017 ramani zake zilisema ndiyo au hapana. Mahali pamefikiwa au hapajafikiwa. Tangu mwaka huo mamlaka yake ya mawasiliano, ARCEP, inazitaka kampuni zichore ngazi nne kwa upande wa simu za sauti na ujumbe: huduma nzuri sana, ambayo mara nyingi inafika hata ndani ya majengo, huduma nzuri, ya nje na mara nyingine ndani, huduma ya kiasi, ya nje tu, na hakuna. Hiyo ya "kiasi" ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu inakubali hadharani hali ambayo ramani za kwingineko huipaka rangi sawa na ya kufaulu. Makubaliano ya Januari 2018 kati ya serikali ya Ufaransa na kampuni nne za simu yaliongeza jambo lingine: kampuni zingejenga minara mipya vijijini, na mahali pa kuijenga pangependekezwa na viongozi wa maeneo yenyewe. Mtumiaji, kupitia mwakilishi wake, aliingia kabla ya mnara, si baada yake.

Kwetu Tanzania mlango wa namna hiyo upo, nao ni Bunge. Anayesoma taarifa rasmi za majadiliano ya Dodoma atakutana na swali lisiloisha: je, ni lini Serikali itapeleka mawasiliano ya simu katika kata fulani, je, Serikali ina mpango gani wa kuboresha usikivu katika vijiji fulani na fulani. Naibu waziri hujibu kwamba tathmini imefanyika, au itafanyika, na mbunge huinuka na swali la nyongeza. Watu huyacheka maswali haya kwa jinsi yanavyofanana, lakini kwa jicho la uhakiki hapa ndipo malalamiko ya mtu wa kijijini yanapoandikwa kwa Kiswahili, yakapewa tarehe na jina la mahali. Udhaifu wake ni kwamba swali linauliza mnara, na jibu ni mnara. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ni kazi ya maana. Hata hivyo kata ni eneo kubwa, lina vijiji, vitongoji na mabonde yake, na mnara ukishasimama kata hiyo inaweza kutoka kwenye orodha ya maswali huku kitongoji cha mwisho kikiendelea kupanda kichuguu.

Na vile vijiti vya mtandao kwenye kioo? Hicho ndicho kipimo pekee ambacho kila mtumiaji anacho mfukoni, na ni kipimo kisicho na kanuni. Kila mtengenezaji wa simu anaamua mwenyewe nguvu kiasi gani ni kijiti kimoja na kiasi gani ni vinne. Julai 2010, iPhone 4 ilipolalamikiwa kwamba ikishikwa inapoteza mawimbi, Apple iliandika barua kwa umma ikakiri kwamba hesabu yake ya vijiti ilikuwa na makosa na katika hali nyingi ilionyesha viwili zaidi ya inavyostahili. Vijiti ni kama mshale wa mafuta kwenye daladala kuukuu: unasema kitu, lakini dereva hausikilizi peke yake.

Zaidi ya hapo, vijiti vinapima mazungumzo kati ya simu na mnara, basi. Havisemi mnara nao unazungumza na nani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikalemewa, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga huduma zake kwa umma siku mbili kwa sababu ya mtandao. Minara ilikuwa imesimama, simu zilionyesha vijiti vimejaa na 4G imeandikwa juu, simu za kawaida zilipigika, na ukurasa ulizunguka bila kufunguka. Katika siku hizo ramani yoyote ya mtandao wa Tanzania ilikuwa sahihi kabisa.

Hapo tumeshaingia kwenye uwezo wa kubeba, jambo ambalo ramani haina rangi yake. Baba wa hesabu zake ni Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kutoa mwaka 1917 fomula ambayo wapangaji wa mitandao waliitegemea karne nzima. Swali lake lilikuwa hili: watu wengi wakitaka kupiga kwa wakati mmoja, njia ngapi zinatosha ili wanaokosa wasiwe wengi mno? Neno la kuangalia ni "wengi mno". Mtandao haujengwi ili kila mtu apate kila wakati; unajengwa kwa saa yenye shughuli nyingi ya siku ya kawaida, na sehemu fulani ya kukosa, tuseme simu mbili katika mia, imekubaliwa tangu mwanzo. Anayekosa laini saa hiyo hakupatwa na hitilafu. Alikuwa kwenye hesabu.

Sasa mchukue Erlang umpeleke Rombo, mkoani Kilimanjaro, mwezi Desemba. Mwaka mzima mnara wa kijijini unahudumia wenyeji waliopo. Chaneli moja ya GSM ina nafasi nane, moja huchukuliwa na shughuli za mtandao wenyewe, zinabaki mazungumzo saba kwa wakati mmoja; mnara una chaneli chache tu, na kwa siku za kawaida zinatosha. Ikifika wiki ya Krismasi, Wachaga waliotawanyika Dar, Arusha, Mwanza na ng'ambo wanarudi nyumbani, kila mmoja na simu janja, kila mmoja na picha za mbuzi wa sikukuu za kurusha. Saa yenye shughuli nyingi ya siku ya kawaida haipo tena. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilizindua intaneti ya kasi kwenye Mlima Kilimanjaro, kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na habari ilizunguka dunia. Suala la mtandao kufika limejibiwa hadi huko juu. La mtandao kutosha, huku chini penye migomba, linategemea umeuliza mwezi gani.

Na mambo haya mawili hayatengani kama vitabu vinavyoyatenga. Katika 3G, watumiaji wakiongezeka kelele ya pamoja inaongezeka, na mnara hauwasikii tena walio mbali. Eneo lake linapungua kadiri mzigo unavyokua. Mama aliye ukingoni mwa kijiji anaongea vizuri asubuhi, jioni anapotea. Ramani yake ni ya saa ngapi?

Vijana wa vyuo walishalijibu hilo bila kusoma fomula. Wanajua kwamba bando la usiku ni rahisi, na wanajua kwa nini: saa nane za usiku mitambo imelala na kampuni ina nafasi isiyouzika. Wanaweka kengele, wanapakua, wanarudi kulala. Laini ya kupigia si laini ya bando, na ya bando si ya kupokelea pesa. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimekuwa zikionyesha laini nyingi kuliko watu milioni 61.7 waliohesabiwa na sensa ya 2022, na wapo wanaolitaja jambo hilo kama dalili ya maendeleo. Mimi nalisoma pia kama hukumu. Mtu anayebeba laini tatu amekwisha kuipima mitandao yote mitatu na kuona hakuna mmoja unaomtosha kila mahali, kila saa na kwa kila shughuli. Laini ya pili ni ripoti ya tathmini iliyoandikwa kwa pesa yake mwenyewe.

Ubora wa sauti una desturi yake ya heshima, na inanishangaza kuwa haijulikani. Pendekezo la ITU liitwalo P.800 linaeleza namna ya kuwakalisha watu wa kawaida chumbani, kuwasikilizisha sentensi zilizopita kwenye simu, na kuwaomba watoe alama: 5 nzuri kabisa, 1 mbaya. Wastani wa alama zao ndio kipimo. Mashine zilizokuja baadaye kufanya kazi hiyo, kama ile ya P.863, zilifundishwa kukisia watu wangesema nini. Kumbe ndani kabisa ya uhandisi wa simu, msingi ni sikio la mtu. Sikio la huku lina kazi yake maalumu: wengi wetu hufanya biashara kwa sauti, na kosa moja ni hasara. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Kariakoo akitaja bei kwa simu huitaja mara mbili, kisha tarakimu mojamoja, kisha anamtaka mwenzake airudie. Anafidia ubora wa laini kwa muda wa maongezi anaoulipia yeye.

Lakini ni India iliyokwenda mbali kuliko wote katika kuuliza: simu ikikatika, nani alipe? Mwaka 2015 hasira za simu kukatikakatika zilifika hadi kwa Waziri Mkuu. Oktoba mwaka huo mamlaka ya mawasiliano, TRAI, ikatunga kanuni: kuanzia tarehe 1 Januari 2016, kampuni imrudishie mpigaji rupia moja kwa kila simu iliyokatika, zisizidi tatu kwa siku. Ni pesa ndogo sana. Kampuni zilipigana nayo kufa na kupona, zikasema manispaa zinafunga minara, zikasema simu nyingine hukatika kwa sababu za mteja mwenyewe. Tarehe 11 Mei 2016 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikaifuta, ikiona si haki kuiadhibu kampuni kwa kila simu wakati kanuni nyingine za TRAI hiyohiyo ziliruhusu hadi asilimia 2 zikatike.

Kilichofuata kinafundisha kuliko kesi. Katika mtandao kuna saa ya kungojea: mawimbi yakipotea, mfumo unahesabu muda kabla ya kutangaza kwamba simu imekatika. Muda huo ukirefushwa, simu haikatiki. Inabaki wazi, kimya, mpigaji anaita "halo, halo, unanipata?" hadi achoke na kukata mwenyewe. Kwenye kumbukumbu za kampuni simu hiyo imeisha salama. Mteja ameikata kwa hiari yake. Muda wa kimya nao umehesabiwa. TRAI ililazimika kuanza kuitazama namba ya saa hiyo katika vipimo vyake vya barabarani. Mtu aliyekuwa kwenye simu hakuhitaji kuambiwa, kwa sababu alijua kwamba mazungumzo yamekufa kabla hajabonyeza kitufe chekundu, lakini hakuna aliyekuwa na mahali pa kuandika kukata kwa kukata tamaa.

TRAI ilijifunza mambo mawili, na yote mawili yanatuhusu. Kwanza, iliona wastani unaficha. India imegawanywa katika maeneo 22 ya leseni, mengine makubwa kuliko baadhi ya nchi, na asilimia 2 ya eneo zima inaweza kupatikana huku mtaa mmoja ukikatikiwa kila siku. Kwa hiyo kuanzia Oktoba 2017 ilibadili hesabu ili minara mibaya na siku mbaya zionekane badala ya kumezwa na mizuri. Pili, mwaka huohuo ilitoa programu iitwayo MyCall, inayomwomba mtumiaji atoe nyota baada ya simu. P.800 ilitoka chumbani ikaenda barabarani.

Kenya imejaribu njia ya katikati. Mamlaka yake ya mawasiliano, CA, imekuwa ikizipa kampuni alama za ubora, kiwango cha kufaulu kikiwa asilimia 80, na mfumo wake mpya unachanganya takwimu za mitambo, vipimo vya barabarani na maoni ya wateja wenyewe. Kwa muundo, huo ndio mfumo unaokaribia zaidi zile sura nne za ITU. Kinachonitatiza ni kwamba alama ya jumla haimsaidii mtu kuchagua. Mkazi wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, haulizi kampuni imepata ngapi kitaifa, anauliza Marsabit.

Narudi kwenye fedha, maana hapo ndipo desturi za Afrika Mashariki zinapozipita nyingine na ndipo zinapokosa kalamu. Muamala wa nyota na reli hauhitaji 4G wala intaneti. Unapita kwenye njia za ishara za mtandao, hata 2G inatosha. Kwa hiyo kipimo cha kasi ya kupakua, kilicho roho ya ramani za Marekani, hakina la kusema juu yake. Mambo ya kupima ni mengine. Menyu ilifunguka? Namba ya siri ilipokelewa kabla muda haujaisha? Pesa ilipokatwa kwa mteja, ilifika kwa wakala? Ujumbe wa uthibitisho ulichukua muda gani? Kati ya kukatwa na kuthibitishwa kuna kipindi ambacho pesa haiko kwa mtu yeyote. Mteja anasema imetoka, wakala anasema haijaingia, na wote wawili ni wakweli. Daftari la wakala lina safu ya tarehe, jina, namba, kiasi na saini ya mteja. Muamala uliogoma hauandikwi, kwa kuwa hakuna cha kusaini. Ingeongezwa safu moja tu, ya saa na aina ya kukwama, mawakala wa wilaya moja wangekuwa na kumbukumbu ambayo hakuna gari la vipimo linaloweza kuikusanya, kwa kuwa gari hupita na wakala hubaki.

Tena kuna bei, ambayo wahandisi huitoa nje ya mlango wakisema si ubora wa mtandao. Ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ilisema asilimia 4 ya watu duniani hawana kabisa intaneti ya simu mahali wanapoishi, na asilimia 39 wanaishi chini ya mawimbi yake lakini hawaitumii. Kusini mwa Sahara ni 13 na 60. Hao 60 wapo kwenye ramani, wamepakwa rangi. Sababu zao ni nyingi, simu ni ghali, bando ni ghali, wengine hawakufundishwa, na kwa upande wao mtandao haujafika.

Mwaka 2024 TRAI ilirudi kwenye swali la nani alipe, safari hii kwa uangalifu zaidi. Kanuni zake mpya zinazitaka kampuni zichapishe ramani zao, na zinasema huduma ikizimika katika wilaya kwa zaidi ya saa 24, wateja wa wilaya hiyo wafidiwe, wale wa malipo ya kabla wakiongezewa siku za matumizi. Kwa India kanuni hiyo inaingia akilini. Vifurushi vyao vya kawaida ni vya siku 28, na siku iliyopotea inaweza kurudishwa mwishoni. Ikiletwa hapa kama ilivyo, itamkuta mwanafunzi aliyejiunga na bando la siku saa moja asubuhi. Mtandao ukizimika saa mbili, kesho yake saa moja bando lake limekwisha muda, na saa 24 za kanuni bado hazijatimia.